Jirani anajenga gereji kubwa kuliko masharti ya eneo, tuanzie wapi?

Mwanakiwanja: Wakuu, naombeni ushauri. Jirani anajenga gereji nyuma ya nyumba yake, kuta zimeshafika kwenye linta. Kiwanja kina mita za mraba 600, nyumba imechukua 180, gereji ni mita 10 kwa 12. Masharti ya hapa yanataka majengo yote yasizidi asilimia 40 ya kiwanja na gereji ikae angalau mita 1.5 kutoka mpakani. Ukuta wake wa mita 12 uko kama sentimita 60 tu. Majirani wanne tunapinga. Inaweza kubomolewa?

FundiRamani: Jumla ni 300, yaani asilimia 50. Kikomo ni 240, kwa hiyo amezidisha mita za mraba 60, nusu nzima ya gereji. Kagueni na urefu wa kwenda juu. Someni kama unapimwa hadi kilele cha paa au katikati ya mteremko, tena kuanzia ardhi ya asili au iliyojazwa. Akijaza kifusi cha sentimita 80 na kupimia juu yake, sentimita 80 zimefichika.

Bikoni: Hizo sentimita 60 mmezipima kutoka wapi? Kama ni kwenye fensi, bado hamna ushahidi, maana fensi huweza kuwekwa popote. Mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na kama zimeng'olewa azirudishie kwa ramani ya upimaji, kisha atoe ripoti yenye saini na mhuri. Msiingie kwake kupima bila ruhusa.

Mama Mipango: Wahini kabla kenchi (fremu za paa) hazijapanda. Ombeni mamlaka ya mipango iwaonyeshe kibali na michoro iliyoidhinishwa. Kama hana kibali, au anacho lakini amekiuka michoro, ombeni ukaguzi na amri ya kusimamisha ujenzi. Kama kibali chenyewe kiliruhusu ukubwa huo, njia ni rufaa, na muda wa rufaa huwa mfupi, kwa hiyo ulizieni tarehe ya mwisho siku hiyohiyo. Barua iwe moja, itaje kifungu kilichovunjwa, vipimo na picha zenye tarehe. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa.

Mwanakiwanja: Asanteni sana. Tumesikia ameomba aruhusiwe kuzidisha vipimo.

Mama Mipango: Basi fuatilieni siku ya kusikilizwa. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba umbo au mteremko wa kiwanja unamzuia kufuata masharti. Kuwa na magari mengi si sababu ya kiwanja. Nanyi acheni maneno ya chuki na "linaharibu sura ya mtaa". Semeni madhara yanayopimika. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000. Maji hayo yanaelekea wapi, na gata zitakaa wapi kwenye sentimita 60? Moto pia: gereji ina mafuta, na ukuta ulio karibu hivyo na mpaka haufai kuwa na madirisha.

FundiRamani: Kuhusu kubomoa, inawezekana, ila mara nyingi mamlaka huanza kwa kudai marekebisho. Hapo msidanganyike na ofa ya kurudisha ukuta tu. Akiusogeza ndani sentimita 90, gereji inabaki 9.1 kwa 12, yaani mita za mraba 109.2, bado imezidi kwa 49.2. Asilimia 40, ukitoa nyumba, inamwachia gereji ya mita za mraba 60. Jengo la 6 kwa 10 linaegesha magari mawili bila kubanana na nafasi ya vifaa inabaki. Mpelekeeni pendekezo hilo mapema, kabla hajatumia fedha za paa.

Bikoni: Na akikubali, michoro mipya ipelekwe kuidhinishwa. Ahadi ya mdomo haimfungi atakayeinunua nyumba hiyo kesho.