Kufunga supachaja kwenye Toyota 86 ya Nairobi inayoshuka Mombasa mara kwa mara

Swali (mwenye gari, Nairobi)

Habari zenu wakuu. Ninamiliki Toyota 86 ya mwaka 2013, ya gia za mkono, niliyoiagiza kutoka Japani mwaka 2020 kabla haijavuka miaka minane inayoruhusiwa Kenya. Naipenda sana kwa namna inavyokata kona, lakini nguvu zake zimenisumbua tangu siku ya kwanza. Kitabu chake kinasema kwamba injini ya FA20, yenye ujazo wa cc 1,998, hutoa nguvu za farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Hapa Nairobi sizioni. Tena kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kuna shimo ambalo kila mwenye gari hili analijua: unakanyaga, na gari linasita.

Nimeweka akiba kwa miaka miwili ili nifunge supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, ya busti (kanieneo ya hewa inayoongezwa) isiyozidi nusu bari, bila kuifungua injini. Wazazi wangu wanaishi Mombasa na huwatembelea mara nne au tano kwa mwaka, na gari la kwenda nalo ni hili hili. Ningependa kujua ni aina gani ya supachaja inayoifaa injini hii, kama uwiano wake wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1 si mkubwa mno kwa kazi hiyo, na kama tyuni, yaani kurekebisha mipangilio ya kompyuta ya injini, itakayofanyiwa Nairobi itafaa pia Pwani.

Jibu la kwanza (fundi wa tyuni, Nairobi)

Ndugu yangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Maana yake ni kwamba injini isiyo na supachaja hapa hupata hewa pungufu kwa karibu asilimia 19, na farasi wako 200 wa kitabuni wanabaki karibu 160. Hulka hiyo ya gari lako si ugonjwa.

Sasa tazama supachaja inavyofanya kazi. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye puli ya kranki, hivyo mwendo wake umefungamana na mwendo wa injini, na kile inachofanya ni kuizidisha kanieneo inayoikuta nje. Tuseme inazidisha mara 1.5. Nairobi utapata 82 mara 1.5, yaani 123, ambayo ni 41 juu ya hewa ya nje, na geji ya busti itakuonyesha bari 0.41, kwani bari moja ni kilopaskali 100. Ukifika Mombasa, puli ile ile na mkanda ule ule vitakupa 101 mara 1.5, yaani 152, na geji itasoma zaidi ya nusu bari. Kwa hiyo injini inayofurahia Nairobi italishwa hewa zaidi kwa takribani asilimia 24 itakapofika Pwani, na hakuna mtu aliyegusa hata skrubu moja. Kwenye tabo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi badala ya mkanda, vali ya kupunguza busti ingeweza kuamriwa na kompyuta ikadhibiti jambo hilo. Supachaja ya mkanda haina huruma hiyo.

Hapo ndipo nozeli, zinazonyunyiza petroli, zinapoumbuka. Nikikutyunia hapa na nozeli zikawa zinafunguka kwa asilimia 75 ya muda wake, utaona kuna nafasi ya kutosha na utaridhika. Ongeza hewa asilimia 24, nazo zitahitaji kufunguka kwa asilimia 93, ambapo hakuna fundi makini anayeziamini. Kipimahewa nacho kina kikomo: kikishafika volti 5 hakiwezi kusema zaidi, na hewa inayozidi hapo kompyuta haiioni, hivyo haiongezi petroli. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno wakati ambapo injini inahitaji petroli nyingi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo chagua puli, nozeli na bomba la kipimahewa kwa hesabu ya Mombasa, ingawa gari linalala Nairobi.

Kuhusu aina, kuna mbili za kufikiria. Supachaja ya feni, kama zile za Rotrex, huongeza busti polepole kadiri mizunguko inavyopanda, kwa hiyo nguvu nyingi huja juu na konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, hazipigwi mapema. Supachaja ya rota, kama Eaton TVS1320 iliyotumiwa na Harrop na Edelbrock kwa injini hii, hujaza hewa tangu chini na kulifuta kabisa lile shimo lako la 3,500. Kwa barabara za mjini hiyo ya pili inapendeza zaidi. Lakini konrodi za FA20 ni nyembamba, na kinachozipinda zaidi ni msokoto (nguvu ya kuzungusha) mkubwa kwenye mizunguko ya chini. Kwa kuwa hutaki kufungua injini, mimi ningekufungia ya feni.

Uwiano wa 12.5 kwa 1 ni mkubwa, naam: hewa hubanwa sana ndani ya silinda na kupata joto. Kinachoiokoa injini hii ni mfumo wa D-4S, wenye nozeli zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa. Petroli inayopuliziwa ndani huipoza hewa, na hiyo ndiyo sababu watu wameweza kuifungia supachaja bila kubadilisha pistoni.

Jibu la pili (mwenye gari la aina hiyo, Mombasa)

Kaka, mimi nimepitia hayo aliyoyaeleza fundi, nami nakuandikia ili yasikukute.

Gari langu ni Subaru BRZ, ndugu wa hilo lako kwa injini na bodi. Nililifungia supachaja katika gereji moja Nairobi, likapimwa kwenye mashine likatoa namba nzuri, nikashuka nalo siku ya pili. Hadi Mtito Andei lilikuwa raha tupu. Baada ya Voi joto likaongezeka, na nilipokuwa nayapita malori karibu na Mariakani nikasikia sauti ndogo kavu, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Niliondoa mguu, ikanyamaza. Nikakanyaga tena taratibu, haikurudi, nami nikajidanganya kwamba ilikuwa ni mawe ya barabarani yanayopiga chini ya gari.

Nilipofika nyumbani nikalala, na asubuhi nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye hana mashine ya kupimia nguvu lakini ana macho. Akachomoa plagi ya silinda ya nne, akaisogeza kwenye mwanga wa jua, akanipa mkononi. Juu ya kauri nyeupe palikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa kama fedha, vidogo kuliko mbegu za haradali. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni pistoni yako inayeyuka." Nilikaa kwenye benchi lake bila kusema neno.

Nataka wasomaji wengine wazingatie tofauti hii, kwa sababu huku kwetu neno moja hutumiwa kwa mambo mawili. Watu husema injini "imenoki" wakimaanisha beringi za konrodi zimekwisha. Kugonga ninakokuzungumzia ni kwa petroli kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujasambaa silinda nzima, na hata injini isiyo na ubovu wowote inaweza kugonga hivyo na kuharibika kwa dakika chache.

Nilibahatika, kwani pistoni haikutoboka. Rekodi zilipokuja kusomwa, zilionyesha kompyuta ilikuwa ikirudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma kwa digrii sita na bado kugonga kukaendelea. Ramani ile, yaani jedwali la tyuni ambalo kompyuta hulifuata, haikuwa imewahi kufika sehemu za mzigo nilizozikanyagia Mariakani. Namba zilizojazwa huko zilikuwa za kukisia tu.

Jambo jingine ni joto. Hewa ya Pwani ya nyuzi 30 ikigandamizwa mara 1.5 hutoka kwenye supachaja ikiwa na nyuzi zinazopita 80. Usikubali kabisa seti isiyo na intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja, hata ukiambiwa busti ni ndogo.

Jibu la tatu (Dar es Salaam)

Mkuu, ningeshauri usianze na supachaja. Lile shimo la kati hupungua sana kwa menifoldi nzuri ya ekzosi pamoja na tyuni, kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Endesha hivyo miezi mitatu, kisha ujiulize tena.

Ukiamua kuendelea, angalia namba ya chesisi kwanza. Mwaka 2018 Toyota na Subaru walitangaza kuyarudisha magari ya mwanzo ya aina hii kwa ajili ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika. Gari lako huenda ni la kipindi hicho. Ikiwa kazi ya kuzibadilisha ilifanyika Japani kabla hujalinunua, mwambie fundi afungue karteri, bakuli la oili chini ya injini, akague chujio la pampu ya oili, kwa sababu gundi ya kuzibia vifuniko ikipakwa kwa wingi, vipande vyake hudondoka na kuziba pale. Ikiwa haikufanyika, kuifungia supachaja injini yenye springi hizo ni kuharibu akiba yako.

Kipoza oili ni lazima. Klachi ya kiwandani itateleza mapema. Breki usizisahau, maana mteremko wa kwenda Mombasa utaufikia ukiwa na mwendo ambao gari hili halikupimiwa. Na kampuni yako ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Habari ya plagi imeninyima usingizi. Nimeamua kuanza na menifoldi na ukaguzi wa springi, na supachaja ya feni itafuata mwakani. Swali moja tu limebaki: nitakapofikia hatua hiyo, kazi ya tyuni yenyewe iende vipi kati ya miji hii miwili? Na petroli?

Fundi wa tyuni, Nairobi

Tutaanza hapa na ramani ya tahadhari: taimingi iliyorudishwa nyuma, petroli ya kutosha, na kikomo cha mizunguko kilichoshushwa. Plagi ziwe za baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka, kwa ngazi moja na pengo lake lipunguzwe, la sivyo cheche itazimwa na busti. Kisha utashuka hadi Voi ukiendesha kwa upole huku kompyuta ndogo ikirekodi, utanitumia rekodi, nami nitasahihisha. Mombasa tutafanya vivyo hivyo, mchana wa joto na si alfajiri, maana tunataka kuona hali iliyo mbaya kuliko zote. Programu ya EcuTek inaruhusu kuweka ramani zaidi ya moja na kuzibadilisha ukiwa ndani ya gari, kwa hiyo utakuwa na ya huku na ya kule. Kumbuka tu kwamba ramani haiwezi kuibadilisha puli.

Kuhusu petroli, gari hili lilitengenezewa ile ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chao cha JIS kinataka oktani isiyopungua 96. Usichukue namba za tyuni za Mjapani ukazipakia hapa. Chagua kituo kimoja unachokiamini, jaza tangi humo kabla ya tyuni na baada yake, na ukilazimika kujaza kwingine njiani, rudi kwenye ramani ya tahadhari hadi tangi hilo liishe.

Mwenye gari, Mombasa

Kaka, siku ya vipimo vya huku niarifu. Yule mzee bado yuko kwenye benchi lake, nami nitamwomba azitazame plagi zako kabla hujarudi.