Nifungashe nini kwa siku chache za kujitenga peke yangu?

Utulivu_Kwanza:
Habari zenu wakuu. Kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumapili mchana nitakuwa peke yangu kwenye nyumba ndogo ya kupanga, mbali na barabara kuu. Nataka kutulia niamue kama niendelee na kazi niliyonayo au niiache. Umeme upo ila hukatika, na mtandao ni wa kubahatisha. Begi limeshajaa: vitabu sita, kompyuta mpakato, mkeka wa mazoezi, rangi za kuchorea, spika. Sijawahi kukaa peke yangu muda wote huo. Nipunguze nini, na kipi nimesahau?

Mama_Daftari:
Mdogo wangu, kompyuta ibaki nyumbani. Unaenda kuamua habari za kazi, halafu unaibeba kazi yenyewe mgongoni? Usiku upweke ukikubana utaifungua uone barua pepe moja tu, na usiku wote utaishia hapo.

Vitabu, chagua kimoja, tena ulichokwisha kukisoma ukakipenda. Kitabu kipya kinakuvuta hadi mwisho na kukulia siku nzima. Unachokijua unafungua popote, unasoma aya mbili, unakiweka chini na kuendelea na mawazo yako.

Mimi sisafiri bila daftari lenye jalada gumu na penseli mbili na kichongeo. Penseli haivuji wala haikauki, na jalada gumu linakuwezesha kuandikia mapajani pasipo na meza. Kurasa za mwanzo zitajaa vitu vidogo vidogo: nani hujampigia, bili gani haijalipwa, nani alikuudhi. Viache vitoke vyote. Mimi mambo mazito huanza kuyaandika baada ya hivyo kwisha, na sijaona njia ya mkato.

Beba saa, ya mkononi au ya mezani yenye kengele. Ukitegemea simu kujua muda, kila ukiitazama unakutana na ujumbe wa mtu.

Kama unakunywa kahawa kila siku, beba ya kukutosha. Ukiikatisha ghafla, kichwa huweza kuanza kuuma kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa, pamoja na uchovu na kukosa raha. Utadhani ni roho inasumbuka kumbe ni kafeini.

Halafu jioni. Mchana utatembea, utalala, utaandika. Giza likiingia ndipo mikono inatafuta simu. Mimi hubeba nguo iliyong'oka kifungo, sindano na uzi. Nashona taratibu, na mengi niliyoyakwepa mchana hunijia hapo.

Mpanda_Vilima:
Mimi naongeza ya usalama tu. Tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba, ili umeme ukikatika mikono yako iwe huru. Dawa zako za kila siku, za kupita Jumapili endapo safari ya kurudi itachelewa. Plasta na dawa ya maumivu.

Mtu mmoja ajue nyumba ilipo, na mkubaliane saa ya kumtumia ujumbe kila siku. Mkubaliane pia atafanya nini usipotuma. Hakikisha kwanza ni sehemu gani pale inashika mtandao.

Simu ikiwa penye mtandao hafifu hutafuta mawimbi muda wote na kumaliza chaji. Iweke hali ya ndege. GPS inaweza kuendelea kufanya kazi kwa sababu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, ila pakua ramani kabla hujaondoka.

Utulivu_Kwanza:
Nashukuruni sana. Kompyuta nimeshaitoa. Vipi mkeka, rangi na spika?

Mama_Daftari:
Mkeka beba, mwili ukikaa sana nao unahitaji kunyooshwa. Rangi, kama huwa unachora, sawa. Kama ulitaka kuanza kujifunza huko, ziache, maana utajikuta na kazi nyingine ya kufaulu. Spika iache. Najua ukimya wa usiku wa kwanza unatisha, lakini ukiujaza muziki hutausikia huo uamuzi unaoutafuta.

Na kabla hujafunga begi, andika lile swali la kazi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, sentensi moja. Likikaa vibaya usilirekebishe sasa. Utalirekebisha huko.