Tupeane uzoefu: kula chakula cha mitaani Vietnam ukiwa nyuma ya pikipiki

Habari zenu wadau. Kuna vijana wawili hapa ofisini wanajiandaa kwenda Saigon kwa mambo ya korosho. Wameniuliza kama zile ziara za usiku, unapakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa kula mitaani, zina faida au ni kumla mgeni hela. Nimewajibu, lakini nataka na ninyi mliowahi kwenda mseme yenu. Naanza na yangu.

Mimi nilikwenda kufuata korosho, maana nyingi tunazouza zikiwa ghafi hubanguliwa kule. Siku tatu za kwanza nilikula hotelini, wali na mayai. Chakula mtaani kilikuwepo tele, ila sikujua pa kuanzia. Kila kibanda kinapika kitu chake kimoja, bango ni la Kivietinamu, na wateja wamekaa kwenye vistuli vya plastiki vifupi hadi magoti yanakaribia kifua. Jioni ya nne mwenyeji wangu akanitafutia ziara.

Aliyekuja kunichukua ni binti wa chuo, na skuta yake safi. Akanivisha kofia ngumu na kunifunga kamba kidevuni kwa mkono wake, kwani kule kofia ni lazima kisheria tangu Desemba 2007. Kisha akaniambia nipande na kushuka upande wa kushoto, kwa sababu ekzosi iko kulia na inaunguza mguu. Nimepanda bodaboda miaka yote, na hakuna aliyewahi kunieleza hilo kabla ya kuondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa cơm tấm. Wadau, hii ni wali wa chenga! Zile punje zilizovunjika mashineni, ambazo zamani wakulima walizila wenyewe kwa kuwa hazikuwa na soko, leo ndizo chakula kinachoutambulisha mji mzima. Mama mpishi alikuwa na jiko la mkaa ukingoni mwa barabara na feni ndogo ikisukuma moshi kuelekea kwa wapita njia. Nyama imelowekwa kwenye mchaichai, kitunguu saumu, sukari na nước mắm, ule mchuzi wa samaki wadogo wanaovundikwa na chumvi kwa miezi mingi. Ukiunusa kwenye chupa utaghairi. Ukichanganywa na ndimu, sukari, maji na pilipili, unaumwagia wali wote.

Kitu kilichonigusa zaidi ni jinsi binti yule alivyoongea na watu. Hakumwita yeyote "wewe". Mama mpishi alikuwa "cô", kama sisi tunavyosema shangazi. Kijana wa kuegesha pikipiki akawa "em", mdogo wangu. Mimi nikawa "anh", kaka. Alinifundisha kuita "cô ơi!", na nilipoita, yule mama aligeuka akacheka, akaniongezea yai. Hapo nikajua nimelipia nini: mtu wa kunibishia hodi.

Tulimalizia mtaa wa Vĩnh Khánh, eneo lililokuwa wilaya ya 4 hadi 2025, ambako watu hukaa hadi usiku wa manane wakila konokono wa baharini na chaza. Walio kwenye tui la nazi, unawachomoa kwa pini ndogo, halafu unachovya mkate kwenye tui lililobaki. Haya, karibuni.

Mdau wa Mombasa

Ahsante kaka kwa kutufungulia. Mie ni Muislamu, na nataka dada zangu wanaofikiria safari wasome hapa vizuri. Nguruwe yumo mwingi, na hayumo kwenye nyama tu. Mkate wa bánh mì hupakwa pate ya maini ya nguruwe kabla hujaona nyama yoyote, na hata chaza wa kuchoma waweza kumiminiwa mafuta yake pamoja na majani ya kitunguu. Kwa hiyo niliwaandikia wenye ziara wiki moja kabla, nao wakanipangia njia nyingine. Tulianzia Nguyễn An Ninh, mtaa mfupi karibu na soko la Bến Thành wenye mikahawa ya halali. Nikala phở ya ng'ombe kwa raha zangu, tambi za mchele ndani ya mchuzi wa mifupa wenye mdalasini na karafuu, harufu kama ya pilau ya nyumbani.

Jifunzeni neno "chay". Ni chakula kisicho na nyama, na tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo vibanda vingi hupika hicho kwa ajili ya Wabudha wanaofunga nyama. Lakini kilichonitoa machozi ni bakuli la chè bà ba: muhogo, viazi vitamu na magimbi ndani ya tui la nazi lenye sukari. Mamangu hupika futari hivyo hivyo. Nilikaa kimya, na dereva wangu, binti wa watu, akaniuliza kama chakula kibaya.

Mdau wa Tanga

Mimi nilikwenda Agosti, msimu wa mvua. Usiogope mvua. Dereva alisimama kando akatoa koti moja lenye vichwa viwili, tukalivaa pamoja, tukaendelea. Akasema mvua ndiyo saa ya bánh xèo. Unga wa mchele, manjano na tui la nazi unamwagwa kwenye kikaango cha moto na kulia "xèooo", jina limetokea hapo. Ndani wanaweka kamba na chipukizi za choroko. Sisi tunaojua vibibi tutaipenda mara moja, ila hii ni nyembamba na inakatika kama kaukau. Unakata kipande, unakifunga kwenye jani la haradali na majani mengine ya kunukia, unachovya. Nilikula tatu.

Mdau wa Bukoba

Natofautiana kidogo. Saigon ni sawa, ule mji ni mkubwa na pikipiki inakufikisha. Hanoi, mji wa kale, tembea kwa miguu na kiongozi wako. Vichochoro ni vyembamba na vibanda viko hatua tano tano. Kuvuka barabara ni kwenda taratibu bila kusimama wala kukimbia, pikipiki zitakupisha. Wanakahawa wenzangu, wale wanalima robusta kuliko nchi yoyote duniani, robusta kama yetu ya Kagera. Hanoi wanapiga kiini cha yai na maziwa mazito mpaka povu, wanaliweka juu ya kahawa chungu. Ilianza 1946 maziwa yalipokuwa adimu. Niliagiza kopo langu na kulishika mikononi muda mrefu, nikiwaza kwa nini sisi tunaolima hatunywi.

Mdau wa Nairobi

Bei je? Na mimi nina mzio wa njugu, nitapona?

Mwanzisha mada

Dada, ya kwangu ilikuwa kama dola 40, chakula chote ndani. Ukijinunulia mwenyewe, bánh mì nilikuwa napata kwa đồng 25,000, yaani dola moja hivi. Angalia noti: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, hesabu sifuri kabla ya kutoa.

Kuhusu njugu, hilo ni zito, kwa sababu wanazinyunyiza juu ya vitu vingi mwishoni. Usitegemee kusema ukishafika mezani. Mwambie kiongozi siku ya kulipia. Kusini wanasema "không đậu phộng", yaani bila njugu. Hanoi njugu zinaitwa "lạc". Mwombe akuandikie sentensi nzima kwenye simu, na kila kituo muoneshe mpishi kabla hajagusa sahani yako.