Tupeane uzoefu: wimbo wa rock wa miaka ya sabini uliousikia redioni mpaka mwisho

Mtu wa Shela, Malindi
Wakuu, salamu. Juzi nilikuwa ndani ya matatu natoka Mambrui, dereva kafungua redio, ukaingia Hotel California wa Eagles. Sisi wa umri mkubwa tukaacha mazungumzo. Beti zikaisha, yakafika yale magitaa mawili, Don Felder na Joe Walsh wanapoanza kuulizana na kujibizana, na hapo hapo mtangazaji akaingia na tangazo la magodoro. Wimbo ukafa.

Ule wimbo una dakika sita na nusu, na zile mbili za mwisho ndizo za magitaa. Kuzikata ni kumpakulia mtu biriani ukamnyima nyama. Mwaka 1977 redio zilikuwa zikiupiga wote na hakuna aliyelalamika.

Basi tupeane. Wimbo gani wa rock wa miaka ile, uliusikia wapi, kwa redio ya nani, na je, uliufikisha mwisho? Watu wa Lamu pia karibuni, nyinyi mna hadithi zenu.

Fundi Redio
Nimekulia kwenye kibanda cha baba, fundi wa redio hapa Malindi, na ufundi nimeurithi. Vijana huniuliza tulizipataje stesheni za Ulaya kabla ya intaneti. Tulizipata usiku. Mchana jua huipa nguvu tabaka ya chini ya anga, na tabaka hiyo humeza mawimbi. Likizama, tabaka ile hufifia, mawimbi hupanda hadi tabaka ya juu zaidi na kurudishwa ardhini mbali kabisa na yalikotoka. Mawimbi mafupi yalitufikia kutoka London kwa kurukaruka hivyo. FM haina uwezo huo, husafiri kwa mstari na ikifika upeo wa macho imekwisha.

Baba alivuta waya wa shaba kutoka dirishani hadi juu ya mnazi. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata uhai wa usiku mmoja.

Wimbo wangu ni Stairway to Heaven wa Led Zeppelin, wa 1971. Unaanza taratibu, gitaa na filimbi, ngoma haziingii mpaka dakika ya nne imepita, na kwa jumla ni dakika nane. Haukutolewa kwa santuri ndogo, kwa hiyo stesheni iliyoutaka iliupiga kutoka kwenye santuri kubwa, mzima. Tabu ilikuwa mawimbi: sauti inafifia, inarudi, inafifia. Nilipata mwanzo wake usiku mmoja, mwisho wake msimu mwingine. Siku niliyoupata wote kwa mpigo mmoja, baba aliacha waya alizokuwa akichomelea akakaa kusikiliza na mimi, naye Kiingereza hakujua hata kidogo.

Binti Langoni, Lamu
Ami Fundi, umenikumbusha mbali. Sisi Lamu redio ilikuwa ya kaka yangu, na ilikaa juu darini kwa sababu chini ukuta wa matumbawe ulikuwa mnene, haipati kitu. Bibi alikuwa akituita kutoka ukumbini: "Wee mwana, ndoo chini, betri zitakwisha!" Hatushuki.

Usiku mmoja idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, ndiyo KBC ya leo, ikapiga Bohemian Rhapsody wa Queen. Katikati, zile sauti zinapoanza kugombana, tukasikia wazi: Bismillah! Bibi akapanda ngazi mwenyewe. Akauliza nani anasoma. Kaka akamwambia ni Waingereza wanaimba. Bibi akakaa akasikiliza mpaka gongo la mwisho, kisha akasema hawa waimbaji ni wengi na wamefundishwa wakafundishika. Kumbe ni watu watatu tu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, wamerekodi sauti zao moja juu ya nyingine mpaka zikawa umati.

Ule wimbo ni wa 1975, unakaribia dakika sita, na wapo waliowaonya Queen kwamba redio hazitaupiga kwa urefu wake. Ukakaa nambari moja Uingereza wiki tisa.

Kijana wa Majengo
Si ajabu kusikia Bismillah, Freddie alikuwa Mwislamu wa Unguja.

Binti Langoni, Lamu
Wa Unguja ndiyo, Mwislamu siyo. Jina lake Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wenye asili ya India, na dini yao ya Zoroasta. Alisomea bweni India, akarudi Unguja, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Lakini mtoto aliyekulia Mji Mkongwe, Bismillah ameisikia kila mlango. Hilo mwachieni.

Mwana Ngomeni
Mzee wangu alikuwa mpishi wa Wataliano wa San Marco, wale wa kurusha roketi kutoka majukwaa yaliyosimama baharini hapa kwetu Ngomeni. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za Uhuru, ndipo ikapewa jina hilo. Mzee akirudi nyumbani alikuja na magazeti ya zamani, makopo, na siku moja akaja na redio aliyopewa na fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao.

Kwenye redio ile nilisikia Smoke on the Water wa Deep Purple. Lile gitaa la mwanzo, noti chache tu, nilikuwa nikilipiga kwa mdomo njia nzima ya shule. Baadaye nikajua ni habari ya kweli: Desemba 1971, Montreux, Uswisi, Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu alifyatua fataki ndani ya ukumbi wa kasino, jengo likateketea, na Deep Purple waliokuja kurekodi pale wakauona moshi umetanda juu ya ziwa. Sisi wa nyumba za makuti hatuhitaji kuelezwa moto unavyokwenda. Nikiusikia hata leo naona watu na ndoo.

Nahodha Mstaafu
Wangu ni Sailing wa Rod Stewart, 1975. Mtungaji wake ni Gavin Sutherland, lakini aliyeufikisha kwetu ni Stewart na lile koo lake la mchanga. Tulikuwa na jahazi limebeba boriti za mikoko, kusi imechafuka, tumejificha Kipini tukingoja itulie. Mabaharia wakaomba redio iachwe hapo hapo, na mimi nilitaka habari. Nikaiacha. Wimbo ule hauna haraka, unakwenda na mkuku wa chombo. Ukafika mwisho. Sina zaidi.

Mtoto wa Mpiga Fidla
Nataka niseme jambo ambalo naona hamjalitaja. Baba yangu alikuwa mpiga fidla wa taarabu, Lamu na Malindi kote ameitwa arusini. Nyumbani redio ilikuwa ya Kairo na ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na udi lake. Alhamisi ya kwanza ya mwezi redio ya Kairo ilimrusha Umm Kulthum, na wimbo wake mmoja ungeweza kupita saa nzima. Mstari mmoja anaurudia, anaugeuza, watu wanapiga kelele, anaurudia tena. Wazee walikaa mpaka amalize. Ndiyo maana mimi nashangaa mtangazaji wa Pwani, mtoto wa watu hawa hawa, anapoogopa wimbo wa dakika sita. Masikio yetu yamelelewa kwa nyimbo ndefu.

Kaka yangu alileta Kashmir wa Led Zeppelin, wa 1975, dakika nane na nusu. Baba alikuwa anafunga nyuzi. Zilipoingia fidla na tarumbeta akainua kichwa. Akasema hawa wamepita Uarabuni. Na kweli, mwimbaji wao Robert Plant aliyaandika maneno yale baada ya safari ya jangwani kusini mwa Morocco. Mwaka 1994 yeye na mpiga gitaa wao Jimmy Page wakaupiga upya na wanamuziki wa Misri, kiongozi wao Hossam Ramzy, na mimi nikamchezea baba ile kanda. Akaisikiliza yote, akaomba irudishwe, na akachukua fidla yake akawa anaifuata.

Kijana wa Majengo
Shikamooni wazee, hapo nimepata somo. Mimi ni mdogo, niliyajua haya kupitia Sundowner ya KBC, mama akipika. Naomba tusiyaache kwa Wazungu peke yao. Jingo aliyoipiga Santana mwaka 1969 ni ya Babatunde Olatunji wa Nigeria. Paul McCartney alikwenda Lagos 1973 kurekodi Band on the Run, akaporwa kanda zake za majaribio njiani. Na Zambia walikuwa na rock yao wenyewe, kina WITCH na Amanaz, maana Kaunda alitaka redio ya nchi ipige kwa wingi muziki wa Wazambia, vijana wakashika magitaa.

Mtu wa Shela, Malindi
Ahsanteni. Naandika orodha, naipeleka kwa mkono stesheni, na ombi moja: hizi zipigwe usiku baada ya isha, bila kukatwa. Hotel California, Stairway, Bohemian, Smoke, Sailing, Kashmir, na moja ya WITCH. Anayetaka kuongeza aongeze kabla ya Ijumaa.

Fundi Redio
Ongeza Child in Time ya Deep Purple, 1970. Ni dakika kumi, waambie mapema wapange matangazo yao.