Mume wangu "ameamka kiroho", sasa hataki mtoto abatizwe. Wenye kujua habari za Wagnostiki naombeni msaada

Kahawa Chungu (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linaninyima raha, naomba wenye kujua wanisaidie. Kejeli tuziweke pembeni kwanza, nitazicheka nikishapata jibu.

Tuko Moshi, upande wa Pasua. Mume wangu anapandisha wageni mlimani. Masika hii kazi ilikuwa haba, akawa anashinda nyumbani na simu, na humo ndimo alimokutana na hizi habari za kuamka kiroho. Mwanzoni ilikuwa kukaa kimya alfajiri na kupunguza nyama, sikuona ubaya. Mbege kaacha mwenyewe, nikashukuru. Kisha yakaja mengine. Eti aliyeumba dunia hii si Mungu wa kweli, ni kiumbe wa chini anaitwa Demiurgo, jina lake Yaldabaoth, uso wa simba mwili wa nyoka, na ndiye anayesema kwenye Agano la Kale. Eti ana wakuu wake, Maarkoni, wanaoilinda dunia kama gereza na wanaokula hofu yetu. Eti ukifa ukaona mwanga usiufuate, ni mtego wa kukurudisha uzaliwe tena. Na kwamba yote haya Wakristo wa kwanza waliyaandika, kanisa likayafuta kwenye mkutano wa maaskofu kule Nikea.

Sasa tuna binti mchanga, hajabatizwa. Mama mkwe yuko Machame, KKKT wa kuzaliwa na kufia humo, mbuzi wa sherehe keshamtenga na mzee wa kanisa anataka tarehe. Mume anasema hawezi kumpeleka mwanawe akapigwe muhuri wa Demiurgo. Hagombi wala hapazi sauti, na hilo ndilo linanichanganya, maana amekuwa mpole kuliko zamani. Ila usiku halali. Na siku hizi namwona anamtazama mtoto kama anampa pole kwa kuzaliwa.

Nauliza: hayo mambo yamo kweli kwenye hivyo vitabu vya kale, au ni ya mitandaoni? Na ubatizo nifanyeje? Halafu kuna hili, nalisema kwa sababu humu hamnijui: nilisoma kidogo ile habari ya Sofia, mama yake huyo Yaldabaoth, na haikunichukiza hata kidogo.

Natanguliza shukrani.

Chalii wa Ngarenaro

Mlete Arusha dada, tumpe gari za safari aoshe matope ya Tarangire. Maarkoni watamkimbia wenyewe.

Natania. Nimekaa hapa, ngoja waje wajuvi.

Mlinzi wa Zamu

Hakuna cha ujuvi hapo, hizo ni roho. Waefeso 6:12, kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, bali juu ya falme na mamlaka na wakuu wa giza hili. Funga na kuomba, mama, halafu mpeleke kwa watumishi akafunguliwe. Simu mnyang'anye.

Ngano na Magugu

Mlinzi, huo mstari uliouleta ndio mstari wa Wagnostiki, wale wa karne za kwanza waliosema wokovu ni kuijua nuru iliyofichwa ndani ya mtu. Kuna kitabu chao kinahusu uhalisi wa hao watawala, na mwanzoni tu kinamtaja "mtume mkuu" na kunukuu hapohapo pa Waefeso. Walikuwa wanasoma Biblia hiihii. Ndiyo maana kuwakemea bila kuwasoma hakumsaidii huyu dada.

Dada, nijibu swali lako la kwanza. Desemba 1945, karibu na mji wa Nag Hammadi kule Misri ya juu, wakulima waliokuwa wanachimba udongo wa rutuba walipata mtungi wenye vitabu vya mafunjo vilivyojalidiwa kwa ngozi. Vinahesabiwa 13, ndani yake maandiko 52, mengine yamejirudia. Lugha ni Kikopti, nakala ni za karne ya 4, lakini zimefasiriwa kutoka Kigiriki cha zamani zaidi. Leo viko Makumbusho ya Kikopti, Cairo. Kwa hiyo mumeo hajatunga, na mengi anayokwambia yanatoka Kitabu cha Siri cha Yohana.

Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Juu ya vyote yuko Roho Asiyeonekana, hasemeki wala hapimiki. Kutoka kwake wanatokea viumbe vya nuru, Maaioni, na wote pamoja ndio Utimilifu, yaani Pleroma. Wa mwisho wao ni Sofia, Hekima. Huyu alitaka kuzaa peke yake, bila mwenzi na bila idhini ya Roho. Kilichotoka kilikuwa nyoka mwenye uso wa simba na macho ya radi. Aliona aibu, akakificha ndani ya wingu la nuru. Hicho ndicho Yaldabaoth. Akajiumbia watawala wake, akatangaza: mimi ni Mungu mwenye wivu, hakuna mungu mwingine ila mimi. Na hapo mwandishi anamchokoza: kama hakuna mwingine, wivu ni wa nani? Siku ya kwanza kuusoma nilicheka peke yangu kwenye daladala ya Usa River.

Kisha watawala wakamtengeneza Adamu, akalala tu kama gogo. Yaldabaoth akadanganywa ampulizie pumzi, na ile pumzi ilikuwa nguvu ya mama yake Sofia. Adamu akasimama, akawapita akili waliomuumba. Ndiyo maana wanasema kila mtu amebeba cheche isiyo ya hapa, na wokovu ni kuijua. Hata habari ya roho isiyojua kurudishwa tena kifungoni mwilini, imo.

Sasa yasiyomo. Hii ya kuvuna hisia za watu kama nishati inatoka kwa Mmarekani Robert Monroe, mtu wa biashara ya redio, kwenye kitabu chake cha 1985. Ya kuukimbia mwanga ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu inageuza kila kitu juu chini. Kwa Wagnostiki nuru ndiyo nyumbani. Kwenye Ufunuo wa Kwanza wa Yakobo, nao wa mtungini humohumo, Yesu anamfundisha Yakobo namna ya kuwajibu watoza ushuru wanaozikamata roho zikipanda: wakikuuliza unatoka wapi, waambie kwa Baba, wakikuuliza unakwenda wapi, waambie nilikotoka. Mtu anapita kifua mbele. Hakuna pahali anaambiwa ajifiche.

Na Nikea mwaka 325 hawakukaa kuchagua vitabu, waligombana juu ya Ario, padri aliyesema Mwana aliumbwa, na juu ya tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo inaonekana kwa mara ya kwanza kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria, 367. Ni kweli aliwaonya watu juu ya vitabu vingine, na wapo wasomi wanaodhani mtungi ulizikwa wakati huo. Lakini ugomvi wenyewe ni wa zamani. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliandika kitabu kizima kuwapinga Wagnostiki mnamo mwaka 180, zaidi ya karne moja kabla ya Nikea.

La mwisho, na hili mwonyeshe mumeo kwa utaratibu. Anasema ubatizo ni muhuri wa Demiurgo. Mwishoni mwa hichohicho Kitabu cha Yohana, mwokozi anashuka gerezani, anamwamsha mtu aliyelala, anamtia muhuri katika nuru ya maji kwa mihuri mitano ili mauti yasimweze tena. Na Injili ya Filipo inataja ubatizo, mafuta na ekaristi. Wagnostiki walikuwa wanabatiza! Wamandea, ambao wapo mpaka leo Iraki na Irani na ughaibuni, wanabatizwa tena na tena katika maji yanayotiririka.

Chungwa la Muheza

Nyongeza ndogo kwa mkuu Ngano. La kuliwa halikuanza na Monroe moja kwa moja. Epifanio, askofu wa Salamis karne ya 4, anaandika kwamba kundi moja la Wagnostiki, Waarkontiki, walisema roho ya mtu ni chakula cha watawala. Hofu kama nishati ndiyo ya juzi.

Mgumu wa Barafu

Shemeji, mimi nipo kazi hiyohiyo, njia za Machame na Lemosho. Maneno hayo mlimani tunayasikia sana, wageni wengine wanapanda kwa ajili ya roho, wanafumba macho pale kambi ya Barafu sisi tunagawana maji ya kupikia. Wengi wetu tunaitikia tu, tunashuka, tunasahau. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya video. Kuna kitu alikiona huko juu?

Kahawa Chungu (mleta mada)

Mgumu, umenigusa pabaya. Msimu uliopita kijana mmoja wa kundi lao mapafu yalijaa maji. Walimshusha usiku kwa machela, hakufika getini. Mume wangu ndiye aliyempigia mama yake simu. Alirudi nyumbani akaoga, akala, hakusema kitu. Baada ya mazishi ndipo alianza kuamka alfajiri. Sikuwahi kuyaunganisha haya mawili hadi sasa hivi.

Mkuu Ngano, sikujua hiyo ya mihuri mitano. Nimeisoma mara mbili.

Mzee wa Rau

Pole mwanangu, na pole kwa mumeo.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nitasema ninavyoona, Mlinzi atanisamehe. Kijana wa watu amekufa mikononi mwa mumeo. Sisi kanisani tungemwambia ni mapenzi ya Mungu, tunywe chai, tuondoke. Hao wa kwenye simu walimwambia: hapana, Mungu mwema hakulitaka hili, dunia ndiyo imeharibika tangu kuumbwa kwake. Yupi hapo alimheshimu zaidi? Tertullian wa Karthago, mwandishi wa Kikristo aliyewapinga vikali Wagnostiki, alishasema mwaka 200 hivi kwamba swali linalowazungusha hawa ni moja: uovu umetoka wapi. Ni swali halali. Ayubu aliliuliza akiwa amekaa majivuni.

Augustino, Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, alikaa na Wamani, wafuasi wa nabii Mani, miaka kama 9 kwa ajili ya swali hilohilo, na Wamani nao walifundisha nuru iliyofungwa ndani ya giza. Mama yake Monika alifikia kukataa kula naye meza moja, baadaye akamrudisha. Alipomsumbua askofu mmoja aende kubishana naye, askofu alikataa, akamwambia amwache na amwombee, atasoma mwenyewe atayaona. Na huyo Augustino hakubatizwa utotoni. Alibatizwa Milano mwaka 387, mtu mzima wa miaka 32. Mweleze mama mkwe hilo, tena kwa upole, mtoto hataharibika kwa kungoja.

Ila nakuonya juu ya kitu kimoja ninachokijua sana hapa Kilimanjaro: bibi kumchukua mjukuu "akamsalimie shangazi" na kumrudisha amebatizwa. Usikubali. Wazazi ndio wanaoahidi mbele ya usharika, na mzazi asiyejua alichoahidiwa kwa jina lake hatakusamehe. Mumeo ni mpole leo, asiibiwe mtoto.

Na asiyelala wiki kwa wiki baada ya kifo cha namna ile aonane na daktari. Hakuna mgongano kati ya hilo na sala, wala na hivyo vitabu vyake.

Mlinzi wa Zamu

Mzee nakuheshimu, lakini tusiwape watu ruhusa ya kuabudu simba mwenye mkia wa nyoka.

Ngano na Magugu

Hawamwabudu, Mlinzi, wanamkimbia. Hilo nalo lina ubaya wake. Plotinus, mwanafalsafa wa karne ya 3 ambaye hakuwa hata Mkristo, aliandika kuwapinga hivi, kwa maana yake: watu wawili wanaishi nyumba moja nzuri, mmoja anamtukana fundi kutwa ilhali haondoki, mwingine anakaa kwa utulivu mpaka siku ya kuhama ifike. Ningekuwa wewe, dada, nisingebishana juu ya Yaldabaoth. Ningeangalia kama mafundisho yanamfanya ampende mtoto au amwonee huruma tu. Kuna tofauti.

Na si wote waliomwona Demiurgo mbaya. Ptolemayo, mwanafunzi wa Valentinus, mwalimu wa Kignostiki, aliandika barua kwa mwanamke aitwaye Flora, akimwita dada yangu, kuhusu nani aliyetoa sheria ya Musa. Anasema si Mungu mkamilifu wala si shetani, ni mwenye haki aliye katikati. Barua fupi, ya adabu. Ukitaka kuzungumza na mumeo bila vita, ianze hiyo.

Kahawa Chungu (mleta mada)

Nimeongea naye usiku huu. Sikuanza na vitabu, nilimuuliza habari za yule kijana. Ameongea hadi saa nane. Kuhusu mihuri mitano alinyamaza, akaomba nimwonyeshe ilipoandikwa. Ubatizo tumeusogeza, mama mkwe nitapanda Machame Jumamosi nimwambie mwenyewe, na mume kakubali kuja, hilo sikulitegemea. Daktari bado anasitasita.

Kwa nini Sofia hanichukizi, nadhani ni pale aliposikitika. Nimesoma kwamba wafuasi wa Valentinus walisema vitu vyote vya majimaji vilitoka kwenye machozi yake, na mwanga kwenye kicheko chake.

Ngano na Magugu

Hiyo tunaijua kupitia Irenaeus, na alikuwa anaicheka. Aliuliza kama maji ya chumvi ndiyo machozi, basi ya visima labda ni jasho lake. Mtu mkali lakini alijua kutania.

Chalii wa Ngarenaro

Mimi niliyekuja kucheka sasa nataka kusoma. Naanzia wapi, mkuu?

Ngano na Magugu

Anza na Injili ya Tomaso, misemo 114, mingi mifupi, na mingine utaona unaijua tangu shule ya Jumapili. Halafu Filipo. Kitabu cha Siri cha Yohana kiache cha mwisho, na kwenye nakala ndefu utakutana na orodha ya malaika waliotengeneza viungo vya Adamu, kila kiungo na malaika wake, majina hayatamkiki. Hapo ruka tu, endelea mbele.