MJADALA: Wanahistoria wa Mlimani waliliandikia taifa historia, au waliiandikia TANU?

Mleta mada

Wakuu, tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lianze kuingia shuleni mwaka 2024 ugomvi ni uleule: nani kaingizwa, nani kaachwa. Lawama zote zinaangukia Taasisi ya Elimu. Mimi naomba turudi nyuma kidogo, maana simulizi tunalogombania halikuanzia huko. Lilipikwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sitini na chama cha wanahistoria ambacho wengi wetu hatujawahi kukisikia, Historical Association of Tanzania, HAT kwa kifupi chake cha Kiingereza.

Terence Ranger alifika Dar es Salaam mwaka 1963 baada ya serikali ya walowezi kumfukuza Rhodesia, akawa profesa wa kwanza wa historia. Wakamzunguka kina John Iliffe, Edward Alpers, Andrew Roberts na Walter Rodney wa Guyana, pamoja na Watanzania Isaria Kimambo, Arnold Temu na Gilbert Gwassa. Kabla yao, historia ya nchi hii katika vitabu ilikuwa ya magavana, wamisionari na wapelelezi wa mito. Mwaka 1966 chama kikaanza kutoa vijitabu vyembamba: Sutton kuhusu pwani, Rodney kuhusu biashara ya watumwa ya Afrika Magharibi, Alpers kuhusu ile ya upande wetu. Mwaka 1969 kikatoka kitabu kikubwa cha historia ya Tanzania, wahariri Kimambo na Temu.

Lakini kilichobaki vichwani mwetu ni vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Gwassa na Iliffe walitoa kijitabu namba 4 mwaka 1968, na mwaka huohuo wanafunzi wa chuo wakatumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita. Huko ndiko yalikopatikana mambo ambayo nyaraka za Wajerumani ziliyapita juu juu: kazi ya lazima kwenye mashamba ya pamba, viboko vya maakida, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake, mahongo waliosambaza maji kijiji hadi kijiji, na Wamatumbi kung'oa pamba Julai 1905. Hata ile idadi ya waliokufa inayotajwa kwenye hotuba, 250,000 hadi 300,000, ni makadirio ya Gwassa. Wajerumani waliandika 75,000.

Kisha wakaunganisha nyuzi. Ranger akasema upinzani wa kwanza dhidi ya wakoloni una uhusiano na vyama vya siasa vya baadaye. Iliffe akaonyesha jinsi makabila zaidi ya ishirini yalivyopigana chini ya imani moja. Kwa hiyo 1905 ikawa mama wa 1954, mwaka ilipozaliwa TANU. Wapinzani wao waliwahi kuwaita wanahistoria wa kizalendo wanaotafuta taifa, na wakawashambulia kweli mwaka 1970. Ila tuwatendee haki: uzi huo hawakuufuma wao. Nyerere alikwisha kuusema Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kwamba watu walinyanyuka kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Mlimani walichofanya ni kuutafutia ushahidi.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Walielemea upande mmoja, sibishi. Lakini ushahidi waliuchapisha, na aliyekuja baadaye akaweza kuuchukua na kuwapinga nao. Kitabu cha darasani cha leo kinatoa hitimisho, basi. Ukilikataa, huna pa kushika. Ndiyo maana nasema kazi ya kuandika historia ya taifa irudi kwa chama cha wanataaluma, itoke kwenye kamati za mitaala. Karibuni.

Mchaka Mchaka

Kwa hiyo uzalendo wetu uliandikwa na Waingereza watatu na Mmarekani mmoja. Kazi ipo.

Mndengereko Halisi

Mkuu, umewasamehe haraka mno. Ushahidi waliuchapisha, sawa, lakini maswali waliyowauliza wazee yalishaamua jibu. Ukimwuliza mzee mwaka 1968, miaka saba baada ya uhuru, "mliungana vipi kumpinga Mjerumani?" atakwambia tuliungana. Ungemwuliza mlikuwa mnagombana nini na jirani, ungepata vita vingine kabisa.

Chukua Uzaramo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kwamba huko kiini cha mambo kilikuwa njaa na nguruwe pori. Wanaume walikuwa wameondolewa kwenda kazini, uwindaji umebanwa, nguruwe wakamaliza mazao, na wanawake ndio waliobaki na mzigo wa shamba. Nenda Songea: machifu wa Kingoni waliingia vitani kwa hesabu zao za madaraka, na Februari 27, 1906 Wajerumani wakawanyonga makumi kwa siku moja. Nenda Iringa: Wahehe, ambao Mkwawa wao alikuwa amekufa 1898 tu, kwa sehemu kubwa hawakuingia, na wengine walipigana upande wa serikali. Na askari waliochoma maghala ya chakula wengi walikuwa Waafrika kama sisi. Mwaka 2010 Giblin na Monson walihariri kitabu kizima kinachovunja ile picha ya vita kimoja chenye lengo moja.

Rais wa Ujerumani alipokuja Songea Novemba 2023 kuomba radhi, msamaha uliombwa kwa taifa zima na ukapokelewa kitaifa. Sikatai. Ila ukoo ambao babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, siku ile ulisimama upande gani? Kwenye historia ya Mlimani hawana ukurasa.

Bint Gerezani

Mnazunguka vichakani wakati tatizo liko Kariakoo. Waliojenga African Association mwaka 1929 na kuilea mpaka ikazaa TANU wengi walikuwa Waislamu wa mjini, na hawa wamefutwa. Mohamed Said ameyaandika hayo tangu 1998 katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU. Someni ile historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni, chuo cha chama tawala, mwaka 1981 halafu mniambie akina Sykes wamepewa uzito gani. Chama cha wanataaluma, chama cha siasa, kwangu ni walewale.

Mleta mada

Dada yangu, hapana, hao si walewale, na mfano wako ndio unaonisaidia. Mwaka 1973 HAT hiyohiyo ilitoa kitabu cha maisha ya Watanzania wa kawaida na mashuhuri, mhariri Iliffe. Ndani yake kuna sura juu ya Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association, baba yake Abdulwahid. Aliyeiandika ni mjukuu wake, Daisy. Mle kuna baba yake Kleist, aliyetoka Msumbiji na jeshi la Mjerumani Wissmann kuja kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, kuna Kleist mwenyewe, kuna siasa za mjini kabla Nyerere hajafika. Miaka minane kabla ya Kivukoni! Kilichofuta si chama cha wanahistoria. Kilichofuta ni chama tawala kuandika historia yake chenyewe na watu kuidhani ndiyo ya taifa.

Na kwa Ndugu Mndengereko: hao kina Sunseri na Giblin wamewapinga Mlimani kwa kurudi, pamoja na mambo mengine, kwenye masimulizi yaleyale ya 1968. Umenipa hoja bila kukusudia.

Mndengereko Halisi

Kurudi kwenye masimulizi ni jambo moja, kusema yalikusanywa vizuri ni jingine. Usichanganye.

Mwl. Mstaafu

Vijana, kuna kitu mmekiruka. Pigo kali kwa shule ya Mlimani lilitoka ndani. Rodney alianza kudai historia ya uchumi na unyonyaji, na mwaka 1981 Temu, yule aliyehariri kitabu cha 1969, akatoa kitabu pamoja na Bonaventure Swai wakiichambua historia ya namna ileile bila huruma: imejaa mashujaa, imewasahau wakulima na vibarua. Kimambo naye aliendelea kurudia kazi hiyo. Historia mpya ya Tanzania aliyoiandika na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto ilitoka 2017. Kamati ya mitaala haijikosoi hivyo.

Lakini darasani? Nimefundisha historia maisha yangu yote. Mtihani unasema "Eleza sababu sita za vita vya Maji Maji." Mwanafunzi akikuandikia kuwa Matumbi na Ungoni walipigana vita tofauti, mwongozo wa kusahihisha hauna pa kumpa alama. Mkimpa kazi Mlimani, au Taasisi, au malaika, bila kubadilisha swali hilo, mtapata sababu sita zilezile. Tena kina Rodney, Alpers na Kimambo vijitabu vyao waliviandika kwa Kiingereza. Mzee wa Nandete aliyehojiwa hakuweza kuvisoma.

Mtu wa Chake

Nimesoma yote. Taifa lenu lina Wamatumbi, Wangoni, Wahehe na Kariakoo. Mpemba anaingilia wapi? Kinjikitile si babu yangu wa kisiasa, na Julai 7, 1954 haikuwa sikukuu kwetu.

Mleta mada anasema sifa ya chama ni kuchapisha ushahidi hata ukipingana. Vyema. Basi tuambie: chama hicho kikikabidhiwa kazi kesho, kitachapisha masimulizi ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, ya waliopindua na ya waliopinduliwa, kurasa mbili zinazotazamana, kitabu kimoja, somo la lazima? Ukiweza kujibu ndiyo, mimi nakuunga mkono.