Naomba ushauri: tangu kampeni zianze, sala zangu zimegeuka hotuba

Mama wa Uporoto:

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo katika safu za Uporoto, wilayani Rungwe, Mmoravian wa kuzaliwa, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa kiongozi wa maombi katika ibada za nyumbani tunazofanya kila Alhamisi jioni. Ninaleta jambo linaloninyima usingizi, nami naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa kuwa nikilifupisha nitajipendelea.

Kila siku huamka saa 11 alfajiri, huwasha moto, na kabla maji hayajachemka huwa nimekwisha soma andiko la siku hiyo. Utaratibu huu ulianzia kule Herrnhut, Ujerumani, ambako kitabu cha kwanza cha maandiko hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na wamisionari wa Kanisa letu la Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wamelelewa katika utaratibu huo. Mama yangu aliufuata mpaka alipofariki, nami nikaurithi kama nilivyorithi jembe lake. Dakika zile chache zilikuwa zikinitosha kwa siku nzima. Tangu kampeni za uchaguzi mkuu zianze hazinitoshi tena, kwa sababu kila andiko linalomtaja mwovu nalivisha sura ya mgombea fulani, na kila linalowataja wanyonge naliona linatusema sisi wa upande wangu. Nafunga kitabu nikiwa na hasira kuliko nilivyokuwa nikikifungua.

Chama changu sitakitaja, ila mjue kwamba msimamo wangu haukutokana na ushabiki. Nimeuza viazi kwa lumbesa tangu nikiwa msichana, gunia likishonewa kilemba juu mpaka mbebaji anayumba, na malipo yakabaki ya gunia moja. Nimekopa fedha za mbolea nikazilipa kwa mazao ambayo yalikuwa bado ardhini. Nimemsindikiza binti wa jirani yangu aliyejifungulia njiani, kando ya pikipiki. Mtu aliyeyaona hayo kisha akasema kwamba hana maoni kuhusu nani atawale, mimi simwelewi. Kwa hiyo nawasihi msinishauri niache siasa.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi mbili zilizopita ibada ilikuwa nyumbani kwangu. Miongoni mwa waliofika alikuwamo mjane mmoja aliyenizidi umri, ambaye mume wangu alipolazwa hospitali alinipalilia shamba siku tatu bila kuombwa. Alikuja amembeba mjukuu wake mgongoni kwa khanga ya chama kingine, ile yenye picha ya mgombea, na picha ilikaa sawasawa juu ya mgongo wa mtoto, ikinitazama. Ulipofika wakati wa sala ya kufunga nikaliombea taifa, kisha nikajisikia nikisema, "Bwana, wafumbue macho wale wanaouza haki ya watoto wao kwa kipande cha kitambaa." Chumba kizima kikaitikia amina.

Nilipofumbua macho, yule mama alikuwa akifungua fundo la khanga kifuani. Alimshusha mtoto, akaikunja khanga mara nne kwa utulivu, akaitia kwenye kikapu, akamfunika mjukuu kwa sweta lake mwenyewe, akaaga kwa adabu na kutoka. Wanaolijua eneo letu wanajua baridi yake baada ya magharibi. Tangu siku hiyo hajahudhuria ibada.

Naomba kujua mambo mawili. Je, ninastahili kuendelea kuongoza maombi? Na nitamwendeaje yule mama bila kusema uongo, ilhali maoni yangu kuhusu chama kile hayajabadilika hata kidogo?

Mlezi wa Kwaya, Mbalizi:

Pole sana mama. Ushauri wangu ni kwamba uombe kupumzishwa uongozi mpaka uchaguzi upite, na katika kipindi hiki ibada zenu zisiguse kabisa habari za nchi. Uchaguzi ni wa siku moja, jirani ni wa kudumu. Kwaya yetu iliwahi kugawanyika kwa sababu ya kofia tu, na sauti ya tatu mpaka leo haijakamilika.

Mzee wa Kihesa:

Kamwene mama. Nimekusoma mara mbili, na kwa heshima sikubaliani na aliyetangulia. Kujiuzulu kutakupumzisha wewe, lakini hakutamrudisha yule mjane, na wenzako watadhani umesusa. Kunyamazia habari za nchi nako sikuoni kuwa dawa. Mwalimu Nyerere aliongoza TANU tangu ilipoanzishwa mwaka 1954, akatetea siasa yake bila kumung'unya maneno, na bado alikuwa mtu wa kuhudhuria misa kila siku, hata Kanisa lake limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Maaskofu wa kanisa langu la Kilutheri, KKKT, mwaka 2018 waliandika waraka wa Pasaka uliogusa moja kwa moja hali ya siasa nchini. Hata miongoni mwa wale Thenashara, wanafunzi kumi na wawili wa Yesu, alikuwamo Mathayo, aliyekusanya kodi kwa niaba ya dola, pamoja na Simoni aliyeitwa Zelote, jina la watu waliopinga utawala wa Rumi, na wote wawili waliketi meza moja. Mtu wa sala mwenye msimamo mkali si kiumbe kigeni.

Kosa lako naliona katika anwani. Sala ile ilimtaja Bwana, lakini ilitumwa kwa mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwako, tena mtu ambaye adabu ya ibada ilimzuia kujibu. Ungemwambia maneno yaleyale mkiwa kisimani angekujibu, mkabishana, pengine mkakasirikiana na mkayamaliza. Ndani ya sala ulimfunga mdomo, kisha mkamwekea amina juu yake. Hilo ndilo linalopaswa kukusumbua, nami nafurahi kwamba linakusumbua.

Nikupe kilichonisaidia mimi. Mwaka 2015, uchaguzi ulipofanyika Jumapili ya tarehe 25 Oktoba, nilikuwa katika hali kama yako kwa wiki nyingi kabla ya siku hiyo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo nilijiwekea sharti la sarufi: katika sala zangu za asubuhi ningewataja wagombea wote wa urais kwa majina yao kamili, bila kivumishi hata kimoja. Nisiseme yule mwizi, wala yule shujaa. Siku za mwanzo sala yangu juu ya yule nisiyempenda ilikuwa fupi kwa aibu, kwa kuwa niligundua kwamba vivumishi ndivyo vilivyokuwa maarifa yangu yote juu yake. Ilinibidi nianze kumwombea mambo ambayo ningemwombea mtu yeyote: afya, usingizi, washauri wakweli, safari salama barabarani. Kura yangu haikubadilika. Nilimnyima kura, na asubuhi ya siku ile nikamwombea.

Binti wa Usangu:

Shikamoo mama yangu. Mimi ni Muislamu, naishi Rujewa, na nimeingia kwa sababu ugonjwa huu hauchagui dini. Sisi tunafundishwa kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo akiwa amefunga, Mwenyezi Mungu hana haja na kule kuacha kwake chakula na kinywaji. Tena katika Suratul Maida, aya ya 8, tunaamrishwa kwamba chuki juu ya watu fulani isitupeleke tukaacha uadilifu. Aya hiyo inazungumza na mtu ambaye chuki tayari anayo, na inamdai uadilifu wakati huohuo, bila kumsubiri apoe kwanza. Kwa hiyo usingoje moyo utakate ndipo umwendee yule mama. Nenda na moyo huohuo ulio nao.

Kwa upande wa utendaji, nimejiwekea mpaka mmoja: kati ya Magharibi na Isha sigusi simu. Habari zote za kampeni, picha za mikutano na sauti zinazosambazwa usiku nazikuta baadaye, na nyingi nazikuta zimekwisha kukanushwa. Nahisi hasira unayofungua nayo kitabu alfajiri ulilala nayo usiku, mama.

Mama Ntilie, Makambako:

Mimi nitasema jambo ambalo wengine wameliruka. Nimevaa khanga ya chama mwaka huu, na hakuna aliyeninunua. Nilikwenda mkutanoni kwa miguu yangu, nikasikiliza, nikakubaliana na nilichosikia, nikaichukua khanga kwa furaha. Unaposema kwamba mtu ameuza haki ya watoto wake kwa kitambaa, unadai kwamba yeye hana akili ya kuchagua na wewe unayo. Wewe umetueleza kwa urefu kwa nini unakipenda chama chako: lumbesa, mbolea, binti aliyejifungulia njiani. Je, umewahi kumuuliza yeye kwa nini anakipenda cha kwake? Katiba yetu, ibara ya 3, inasema nchi hii haina dini na inafuata mfumo wa vyama vingi, nami naielewa kuwa mjane wa Uporoto ana haki ya kuketi kwenye ibada yako akiwa na khanga yake na kura yake bila kuombewa kama mgonjwa. Samahani kwa ukali. Nimeandika hivi kwa sababu nimeumia kwa niaba yake, na kwa sababu naona kwamba wewe ni mtu unayeweza kuambiwa.

Mama wa Uporoto:

Ndaga fijo, ahsanteni sana wote. Dada wa Makambako, maneno yako yalinichoma nami nimeyapokea, kwa kuwa jibu la swali lako ni kwamba sikuwahi kumuuliza.

Nilikwenda kwake jana asubuhi. Nilimkuta ghalani akichambua viazi vya mbegu, nikaketi kwenye gunia na kuchambua pamoja naye, tukitenga vilivyochipua vizuri na vyenye madoa, kwa muda mrefu bila kuongea. Kisha nikamwambia, "Siku ile nilisema na wewe nikijifanya nasema na Mungu. Nimekuja kuomba msamaha." Hakujibu mpaka debe lilipojaa. Ndipo akasema kwamba maneno yangu alikuwa ameyasoma usoni mwangu tangu nilipompokea mlangoni, na hayakumshangaza. Kilichomwondoa ni ile amina ya watu wote, kwa sababu alijua kwamba miongoni mwao wamo waliopewa khanga kama yake na wameziacha nyumbani.

Nikamwuliza kwa nini anakipenda chama chake, akanieleza. Habari za maji ya bomba yaliyofika kwa dada yake, na za mjukuu wake mkubwa aliyepata mkopo wa chuo. Nami nikamweleza habari ya lumbesa, ingawa anaijua kwa mgongo wake kuliko mimi. Hatukukubaliana. Alisema atakipigia kura, nami nikasema sitakipigia, tukaendelea na debe la pili.

Nilipomwahidi kwamba nitaomba msamaha mbele ya wote katika sala ya Alhamisi, alikataa. Alisema, "Usiliombee. Liseme ukiwa umefumbua macho." Alhamisi hii ibada itakuwa nyumbani kwake. Nitalisema kabla ya wimbo wa kwanza, na sala ya kufunga ataiongoza yeye.